Babu wa Wakati wa Mtunya: Pa Kumtafuta Katika Vitabu vya Kanisa, Nyaraka na Maktaba

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Ipagala, Dodoma, na ninataka kuandika historia ya ukoo wa baba yangu kabla wazee hawajatutoka wote. Babu alizaliwa Mvumi. Shangazi anasema ilikuwa wakati wa njaa ya Mtunya, lakini karatasi ya babu ya kustaafu reli inasema 1912. Bibi alitoka Haubi, Kondoa, na alikuwa Mkatoliki. Baba yake babu inasemekana alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita. Nilikwenda kuulizia cheti cha kuzaliwa cha babu nikaambiwa hakuna kitu, na mtu mwingine akaniambia kwamba nyaraka za Mjerumani ziliungua zote. Je, nianzie Nyaraka za Taifa, maktaba au kanisani? Na mwaka upi kati ya hiyo ndio wa kweli?

Jibu: Marahaba, na ninakushukuru kwa kuleta swali lenye majina ya mahali ndani yake, maana wengi huniletea jina la babu peke yake wakidhani kwamba mahali fulani pana kitabu kimoja kikubwa kilichoandika watu wote. Kitabu hicho hakipo. Katika nchi yetu, na hasa huku Ugogo na Urangi, mtu wa kawaida aliandikwa pale tu ambapo chombo fulani kilikuwa na sababu ya kumwandika: kanisa lilimbatiza, serikali ilimtoza kodi, reli ilimlipa mshahara, baraza lilisikiliza kesi yake ya ng'ombe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina lake liko wapi, jiulize ni nani aliyekuwa na haja ya kuliandika, mwaka gani, na akiwa katika kituo gani. Ukipata jibu la hayo matatu, utakuwa umejua ofisi ya kwenda.

Ndiyo maana ulipokwenda kuulizia cheti cha kuzaliwa uliambiwa hakuna kitu. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwepo Tanganyika tangu 1920, lakini kwa miaka mingi haikuwalazimu Waafrika, na mtoto aliyezaliwa katika tembe la Mvumi hakuwa na mtu wa kwenda kumwandikisha bomani. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, itakufaa kwa vizazi vya karibu, yaani vyeti vya kuzaliwa vya baba yako na ndugu zake kama walipata, na cheti cha kifo cha babu kama alifia hospitalini. Zaidi ya hapo usipoteze nauli.

Kazi ya kwanza ni ya nyumbani, na haihusu masimulizi peke yake. Mwombe shangazi akuonyeshe kila karatasi iliyobaki sandukuni: risiti za kodi, kipande cha kazi, kadi ya TANU, cheti cha ndoa, barua za reli. Watu huzidharau risiti za kodi kwa sababu ni vipande vidogo vilivyochakaa, lakini risiti moja ya miaka ya 1930 mara nyingi ina jina la mlipaji, mwaka, namba yake, na jina la mtemi au kiongozi wa eneo lake. Hilo la mwisho ndilo unalolitafuta. Majalada ya serikali ya kikoloni yalipangwa kwa wilaya na kwa utemi, wala hayakupangwa kwa koo, hivyo mtu asiyejua babu yake alikuwa chini ya mtemi yupi, na mpembamoto yupi, yaani kiongozi mdogo chini ya mtemi, alimkusanyia kodi, ataketi katika ukumbi wa kusomea akifungua majalada bila mwelekeo.

Unapozungumza na wazee, usianze na swali la nani alimzaa nani, kwa kuwa utapewa orodha fupi iliyokwisha kunyooshwa na miaka. Uliza habari za ng'ombe. Mahari ya Kigogo haikutolewa na mtu mmoja wala haikupokelewa na mtu mmoja. Wajomba, baba wakubwa na baba wadogo wa pande zote mbili walikuwa na sehemu yao, na mzee anayesita kutaja jina la babu mdogo aliyekufa zamani atakumbuka bila shida kwamba ng'ombe fulani mwenye baka jeupe alikwenda kwa nani na kwa nini. Katika mazungumzo ya namna hiyo utapata hata majina ya wanawake na nyumba walikotoka, mambo ambayo orodha za ukoo huyaruka. Uliza pia mbeyu na mlongo wao, yaani majina yao ya ukoo kwa Kigogo, kwa kuwa majina ya watu hujirudia sana, na mara nyingine hayo ndiyo yatakayokuwezesha kutofautisha watu wawili wenye jina moja katika kijiji kimoja.

Uliza vilevile walikuwa wakiishi wapi kabla ya vijiji. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, iliyotangulia ile ya nchi nzima ya miaka iliyofuata, ilihamisha kaya nyingi za mkoa huu kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kuziweka katika vijiji vya ujamaa. Mtu anayesema kwamba kwao ni kijiji fulani leo, huenda baba yake alizaliwa kilomita kadhaa kutoka hapo, mahali penye jina ambalo halimo katika ramani za sasa. Ukilitafuta jina la kijiji kipya katika nyaraka za 1930 hutalipata, nawe utadhani ukoo wenu haukuandikwa.

Sasa nije kanisani, kwa sababu kwa familia yako mlango mkubwa uko hapo, na ningekushauri uupitie kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Mvumi ni eneo la wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, waliofungua kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870 na kisha kuenea Ugogo. Tangu 1927 kazi yao iliingia katika Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, yenye makao yake hapa Dodoma. Kama babu alibatizwa Mvumi, aliingizwa katika daftari la ubatizo, na inawezekana kabisa kwamba hakubatizwa akiwa mchanga. Kizazi chake wengi walibatizwa wakiwa vijana au watu wazima, baada ya kufundishwa na mwalimu wa dini, na hapo ndipo walipopewa jina la Kikristo. Tafuta basi kwa jina lake la Kigogo pamoja na jina la baba yake, na usiishie katika miaka ya utoto wake. Endelea mpaka mwaka aliooa. Anza na ofisi ya mchungaji wa mtaa, na vitabu vya zamani visipokuwepo hapo, omba kuelekezwa na ofisi ya dayosisi.

Upande wa bibi, kazi inaweza kuwa na mavuno zaidi, kwa kuwa Kanisa Katoliki lina desturi moja ambayo mtafutaji wa ukoo anapaswa kuijua. Daftari la ubatizo la parokia huwa na namba ya kila mbatizwa, tarehe, jina, majina ya wazazi, msimamizi, na padre aliyebatiza. Katika vitabu vya zamani maneno ni ya Kilatini, na wazazi ambao hawakuwa Wakristo huandikwa kwa neno kama paganus. Asikutishe mtu kwa Kilatini hicho, maana maneno ni yale yale kila mstari, na ukiyajua kumi umeyajua yote. Lakini kilicho muhimu kiko pembezoni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kando ya ubatizo wake, hata kama alifungia ndoa parokia nyingine, na padre wa parokia hiyo nyingine ana wajibu wa kupeleka taarifa. Kwa hiyo mstari mmoja wa bibi katika kitabu cha Haubi unaweza kukuambia mwaka aliofunga ndoa na mahali, na kutoka hapo ukalifuata daftari la ndoa, ambamo utamkuta babu mwenyewe akiwa ameandikwa pamoja na jina la baba yake. Ndoa kati ya Mwanglikana na Mkatoliki ilihitaji kibali, nacho pia huacha karatasi.

Upande wa Kondoa ulikuwa chini ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kabla ya Dodoma kufanywa eneo la kanisa linalojitegemea mwaka 1935 na kukabidhiwa Wapasionisti kutoka Italia. Hilo lina maana kwako kwa sababu moja: kama kitabu unachokitaka ni cha kabla ya mwaka huo na parokia hawanacho, uliza kuhusu vituo mama vya zamani kabla ya kukata tamaa. Unapokwenda, chukua barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako au serikali ya mtaa, eleza uhusiano wako na marehemu, na umwache karani wa parokia akusomee au afungue mwenyewe. Vitabu hivyo vina siri za watu wengine walio hai, na paroko anayekataa kumpa mgeni kitabu kizima akipekue anafanya kazi yake vizuri.

Ukishakuwa na mahali, mtemi na miaka, nenda Nyaraka za Taifa. Makao yake yako Upanga, Dar es Salaam, na huko ndiko utakakokuta majalada ya utawala wa kikoloni yaliyokusanywa kutoka mikoani, yakiwemo ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa hapa Dodoma. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kilichopo Dodoma ni jambo jingine: kazi yake kubwa ni kutunza majalada ya wizara na taasisi ambayo hayatumiki tena kila siku. Watu wa Dodoma hudhani kwamba kwa kuwa makao makuu ya nchi yako hapa, na karatasi za wazee wetu zitakuwa hapa. Uliza kwa simu au barua kabla ya kusafiri, ujue taratibu na ada za wakati huo, na ubebe kitambulisho pamoja na barua inayoeleza unachokitafuta. Kwa sheria ya 2002 kumbukumbu za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, na unayoyatafuta wewe yamepita muda huo zamani.

Usitegemee kuona jalada lenye jina la babu juu yake. Utaona majalada ya njaa na chakula cha msaada, ya kodi, ya rufaa kutoka mabaraza ya wenyeji, ya mirathi ya Waafrika waliofia kazini mbali na kwao, ya ugomvi wa utemi. Mimi ningeanza na rufaa na mirathi. Mtu akifa akiwa mfanyakazi na kuacha mshahara wake, bwana shauri, yaani ofisa wa kikoloni wa wilaya, alilazimika kuandika warithi ni nani na wanatoka wapi. Na kesi ya mahari iliyofika mpaka kwa mzungu huwa na mashahidi wanaotajwa kwa majina, kila mmoja akieleza ana uhusiano gani na mdai. Karatasi mbili za kesi kama hiyo zina ukoo mwingi kuliko jalada zima la takwimu. Omba pia kuona Kitabu cha Wilaya cha Dodoma. Vitabu hivyo vya maofisa wa Kiingereza viliandika historia ya kila utemi, orodha za watemi na namna walivyorithiana, na vilipigwa picha katika maikrofilamu ambayo nakala zake ziko pia Uingereza. Huenda babu yako asiwemo. Mtemi wake atakuwemo, na utajua ni nani aliyekuwa madarakani mwaka ambao wazee wanautaja.

Hapa niseme neno kuhusu tamaa moja ninayoiona mara kwa mara. Kwa kuwa koo za watemi ndizo zilizoandikwa kwa urefu, watafutaji wengi hujishikiza kwenye orodha hizo mara wanapokuta jina linalofanana na la kwao. Koo hizo ziliandikwa kwa urefu kwa sababu kulikuwa na kiti cha kugombea, na kila upande ulileta nasaba iliyoupa haki. Zisome ukilijua hilo, na usijiunge na ukoo wa mtemi kwa sababu ya jina tu.

Kuhusu nyaraka za Mjerumani, aliyekuambia ziliungua zote ametia chumvi. Nyingi zilipotea katika vita vya 1914 hadi 1918, lakini zilizobaki ziko Upanga, na orodha yake iliyotayarishwa kwa msaada wa wahifadhi wa Marburg ilichapishwa 1973. Picha za filamu za nyaraka hizo ziko pia katika Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani mjini Berlin, katika mfululizo R 1003, na zile za wizara ya makoloni ziko katika R 1001. Sehemu kubwa ya hizi za mwisho inasomeka katika mtandao bila malipo. Ugumu uko katika mwandiko. Kijerumani cha wakati ule kiliandikwa kwa herufi za mkono ambazo hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa hazisomi. Tahajia ya majina nayo ni yake: Mpwapwa utaikuta kama Mpapua, na jina kama Chiwanga tegemea kulikuta likianza na Tsch. Kabla ya kufungua orodha, andika majina yako yote kwa namna tatu au nne ambazo sikio la Mjerumani lingeweza kuyasikia, ukikumbuka kwamba sauti za Kigogo kama nh na mh zilimshinda kila mwandishi wa kigeni.

Na baba yake babu, aliyechukuliwa vitani? Hapa sitaki kukupa matumaini makubwa. Kama alikuwa askari, kuna uwezekano mdogo wa kukuta jina lake. Kama alikuwa mpagazi, na wengi waliochukuliwa Ugogo walikuwa wapagazi, uwezekano ni mdogo zaidi, kwa kuwa waliohesabiwa walikuwa wengi mno kuliko walioandikwa. Uliza wazee kama alichukuliwa kabla Waingereza hawajaiteka Dodoma, Julai 1916, au baadaye, kwa sababu Waingereza nao walichukua wapagazi, na katika masimulizi ya familia nyingi pande hizo mbili zimeungana na kuwa Mjerumani mmoja. Uliza pia kama alirudi. Kama alirudi, huenda akawemo katika kodi ya Waingereza ya miaka ya 1920.

Reli ni ngumu kwa sababu nyingine. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja lenye makao Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ilibaki na sehemu yake. Tumia karatasi ya kustaafu uliyonayo: namba ya utumishi iliyomo ina thamani kuliko jina, na ndiyo utakayoitaja unapoandika barua kwa Shirika la Reli kuulizia jalada la utumishi au la mafao.

Maktaba nimeiweka nyuma kwa makusudi, kwa maana haitakupa jina la babu, lakini itakupa dunia aliyoishi. Maktaba ya Mkoa hapa mjini na maktaba za UDOM na Chuo Kikuu cha St. John's ziko karibu nawe; waulize kitabu cha Mathias Mnyampala cha 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichoandikwa na Mgogo mwenyewe kwa Kiswahili, kitakachokusaidia kuuliza maswali bora kwa wazee. Kwa magazeti nenda sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, lilichapisha barua, mashairi na habari za miji zilizoletwa na walimu na makarani, na mtu aliyejua kusoma katika miaka ile hakuwa mbali na kurasa zake. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936, lina makala za maofisa na wenyeji kuhusu mkoa huu. Matokeo ya sensa usiyahangaikie, kwa kuwa yaliyochapishwa ni hesabu za watu, majina hayamo.

Kila unaposoma kitu, andika papo hapo namba ya jalada, namba ya ukurasa, tarehe na mahali ulipokisomea. Kwa kitabu cha parokia andika namba ya mbatizwa. Picha ya simu isiyo na namba hiyo haitakusaidia baada ya mwaka, wala haitamsaidia mwanao.

Nimalize na mwaka wa kuzaliwa. Mtunya ilikuwa njaa ya miaka ya mwisho ya vita na baada yake, kwa jumla kati ya 1917 na 1920. Mwaka 1912 uliomo katika karatasi ya reli una kila dalili ya makisio ya karani siku babu alipoajiriwa: kijana alisimama mbele ya meza, akatazamwa, akapewa umri, na umri huo ukafuata utumishi wake wote hadi kustaafu. Vijana wengine walijiongezea miaka ili wapate kazi. Mimi ninamwamini shangazi zaidi, lakini kwa sharti kwamba umuulize kama babu alizaliwa njaa ikiwa imeshika au alikuwa mtoto anayebebwa mgongoni familia ilipokimbilia kwingine kutafuta chakula, kwani watu husema wakati wa Mtunya kwa hali zote mbili. Kisha pima jibu lake kwa ndugu wa babu: ni nani aliyemtangulia, ni nani aliyemfuata, na kama mmoja wao ana tarehe ya ubatizo utotoni. Mpaka upate hiyo, andika katika daftari lako miaka yote miwili, kila mmoja na chanzo chake: 1912 kwa mujibu wa karatasi ya kustaafu, kati ya 1917 na 1920 kwa mujibu wa shangazi, pamoja na tarehe uliyomhoji.